Amana Kabla ya Hazina: Mwongozo Kamili wa Kukusanya na Kutunza Historia ya Watu wa LGBT Mahali Tunapoishi

Mwaka 1993, mjini Vancouver nchini Kanada, mkazi mmoja wa jengo la ghorofa alikuta vitu vya jirani yake aliyefariki vimetupwa kwenye taka. Marehemu alikuwa Li Shiu Tong, mwanafunzi na mwandani wa Magnus Hirschfeld, daktari Mjerumani aliyefungua taasisi ya kuchunguza masuala ya jinsia na mapenzi mjini Berlin mwaka 1919. Wanafunzi wa Kinazi waliivamia taasisi hiyo tarehe 6 Mei 1933, na tarehe 10 Mei vitabu vyake vikachomwa moto hadharani. Miongoni mwa vitu vilivyookotwa Vancouver lilikuwamo daftari la Hirschfeld mwenyewe, pamoja na kinyago kilichotengenezwa kwa kufuata uso wake baada ya kufa. Yule jirani hakujua thamani yake kwa ukamilifu, lakini aliona si vitu vya kutupwa, akavitunza, na ikapita takriban miaka 10 kabla watafiti kutoka Berlin hawajampata.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu kinaonyesha milango miwili ambayo historia ya watu wa LGBT, yaani wanaopenda watu wa jinsia yao au wa jinsia zote mbili, na wale ambao jinsia yao si ile waliyohesabiwa walipozaliwa, hutokea ikapotea. Mmoja ni moto wa adui, ambao hukumbukwa kwa tarehe. Wa pili ni ndugu wanaofagia chumba cha marehemu matanga yakiisha, na huo haukumbukwi na yeyote. Mlango wa pili ndio unaotupotezea mengi zaidi, na ndio ambao watu wachache wenye nia, penseli, daftari na kabati lenye kufuli wanaweza kuuziba. Mwongozo huu nimewaandikia watu hao, wawe Nairobi, Mombasa au Kampala, au wawe katika jamii za Waswahili walioko London, Toronto na kwingineko.

Neno litakalotuongoza tangu mwanzo hadi mwisho ni amana. Anayepokea amana hajapewa mali, amepewa dhima. Kitu kinabaki cha mwenyewe, na mwenyewe akikitaka anarudishiwa. Nimeona miradi ikianza kwa kuwaza hazina, yaani jinsi mkusanyo utakavyokuwa mkubwa na wa kuvutia, na nimeona watu wakiikimbia miradi hiyo kwa haki kabisa. Anayewaza amana kwanza huenda akakusanya kidogo, lakini huaminiwa, na vitu vingi huja baadaye kwa sababu ya kuaminiwa huko.

Hatua ya kwanza: amueni mipaka kabla ya kutafuta nafasi

Hakuna haja ya kusubiri jengo. Hifadhi ya historia ya wanawake wasagaji ya New York, iitwayo Lesbian Herstory Archives, ilianzishwa mwaka 1974 na ikakaa kwa miaka mingi katika nyumba aliyokuwa akiishi Joan Nestle, mmoja wa waanzilishi wake, kabla ya kuhamia katika jengo lake lenyewe Brooklyn mwaka 1993. Hifadhi ya Toronto, ambayo sasa inaitwa The ArQuives, ilianza mwaka 1973 kutokana na makaratasi yaliyokuwa yakijazana katika ofisi ya The Body Politic, gazeti la watu wa LGBT. Barani Afrika, hifadhi ya GALA ilianzishwa Johannesburg mwaka 1997, mwaka mmoja baada ya Katiba ya Afrika Kusini kupitishwa ikiwa na kifungu kinachokataza ubaguzi kwa misingi ya mwelekeo wa kimapenzi.

Kaeni watu watatu hadi watano wanaoaminiana. Andikeni ukurasa mmoja, kwa lugha ambayo bibi yenu angeielewa, unaojibu maswali haya: tunakusanya historia ya mahali gani, ya kipindi gani, ya watu gani, na nini hatutakipokea. Swali la mwisho ndilo gumu kuliko yote, na ndilo litakalowaokoa. Kikundi cha mtaa mmoja wa Mombasa hakiwezi kutunza kumbukumbu za Afrika Mashariki nzima. Kikijaribu, kitaishia kuwa na masanduku ya vitu visivyojulikana vimetoka wapi wala vililetwa na nani. Mpaka mdogo hauipunguzii kazi heshima. Historia ya mtaa mmoja, ya kikundi kimoja cha ngoma au ya saluni moja ikiandikwa vizuri huzidi ya nchi nzima iliyoandikwa kwa kubahatisha.

Hatua ya pili: usalama na sheria, kabla ya kupokea hata bahasha moja

Hapa naomba msomaji aende polepole.

Tarehe 30 Desemba 1977, polisi wa Toronto waliingia katika ofisi za The Body Politic na kuondoka na masanduku ya nyaraka, zikiwemo orodha za waliokuwa wakilipia gazeti. Hao walikuwa watu waliolipa fedha yao kusoma, na sasa majina na anwani zao zilikuwa mikononi mwa polisi. Ilitokea Kanada, nchi ambayo ilikuwa imeondoa kosa la jinai la mapenzi ya faragha kati ya watu wazima wa jinsia moja tangu mwaka 1969. Ikiwa huko iliwezekana, kila mkusanyaji wa Afrika Mashariki aamini kwamba siku moja mlango wake nao unaweza kubishwa, na apange mambo yake kwa kuzingatia hilo.

Sheria za ukanda wetu zinatofautiana, na ni wajibu wenu kujua mko wapi. Nchini Kenya, vifungu vya 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu, vinavyotumika kuyafanya mapenzi ya jinsia moja kuwa kosa, bado vipo, kwani Mahakama Kuu ilikataa kuviondoa tarehe 24 Mei 2019. Hata hivyo, tarehe 24 Februari 2023 Mahakama ya Juu iliamua kwamba kulikatalia NGLHRC, shirika la kutetea haki za watu wa LGBT, usajili kulikiuka haki ya watu kujumuika. Nchini Tanzania, kifungu cha 154 kinaweza kumletea mtu kifungo cha maisha. Nchini Uganda, sheria iliyotiwa saini Mei 2023 inaadhibu hata kile inachokiita kuendeleza ushoga, kwa kifungo kinachoweza kufika miaka 20, na maonyesho au tovuti ya kumbukumbu inaweza kutafsiriwa hivyo. Kwa maoni yangu, Kampala na Dar es Salaam vitu vikusanywe kimyakimya, na nakala za kidijitali zipelekwe nje ya nchi mapema. Nairobi pana nafasi zaidi, ila nafasi hiyo isigeuzwe uzembe.

Sheria za kulinda taarifa nazo zinawahusu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inauhesabu mwelekeo wa kimapenzi wa mtu kuwa taarifa nyeti, na kanuni za Umoja wa Ulaya zilizoanza kutumika mwaka 2018 nazo zinaiweka taarifa hiyo katika kundi linalolindwa kipekee. Maana yake ni kwamba sheria inaweza kuwataka mwe na ridhaa iliyo wazi, na iliyoandikwa ndiyo rahisi kuithibitisha, kwa hiyo ni vema kumtafuta wakili anayeaminika aisome fomu yenu mara moja mwanzoni.

Kwa vitendo, fanyeni hivi. Majina halisi ya watoaji yakae katika daftari moja tu, lililotengwa mbali na vitu vyenyewe, likiwezekana katika nyumba nyingine au hata nchi nyingine. Kila mtoaji apewe namba, na namba hiyo pekee ndiyo iandikwe kwenye masanduku na faili. Kompyuta na diski zote zisimbwe kwa usimbaji fiche, na nywila zijulikane na watu wawili, si mmoja wala si wote. Msianzishe kundi la WhatsApp lenye jina linalotaja kazi hii. Kubalianeni pia mapema ni nini kitaondolewa kwanza pakitokea hatari, nani atakiondoa na atakipeleka wapi.

Kuna jambo moja zaidi ambalo wakusanyaji wengi hawapendi kulisikia, nalo ni kwamba msiahidi msichoweza kukitimiza. Chuo cha Boston nchini Marekani kilirekodi masimulizi ya wapiganaji wa Ireland ya Kaskazini kwa ahadi kwamba yangefungwa hadi wasimulizi wafe, lakini mwaka 2011 zikaja hati za mahakama kwa maombi ya serikali ya Uingereza, na baadhi ya kanda zikakabidhiwa. Kwa hiyo mwambieni msimulizi ukweli: tutaificha kwa uwezo wetu wote, lakini mahakama ikiamuru, huenda tusiweze kukataa. Akitaka, rekodini bila jina, bila mahali na bila jambo lolote linaloweza kumfungulia kesi yeye au mwenzake.

Hatua ya tatu: jueni mnachokitafuta

Watu wengi wakiulizwa kama wana kitu cha kihistoria hujibu kwamba hawana, ilhali wanacho chini ya kitanda. Johannesburg tarehe 13 Oktoba 1990 yalifanyika maandamano ya kwanza ya fahari ya watu wa LGBT nchini Afrika Kusini, na baadhi ya waandamanaji walivaa mifuko ya karatasi kichwani wasitambulike. Mfuko kama huo, uliotobolewa matundu ya macho, unaeleza hofu na ujasiri wa siku ile kuliko kurasa nyingi za maelezo, lakini kabla ya siku hiyo ulikuwa mfuko wa karatasi tu. Simon Nkoli, mmoja wa walioandaa maandamano hayo, alikuwa amefungwa miaka ya 1980 na kushtakiwa kwa uhaini katika kesi ya Delmas kwa kupinga ubaguzi wa rangi. Barua alizomwandikia mpenzi wake kutoka gerezani zimehifadhiwa GALA, na zinamwonyesha mwanaharakati akiwa mtu anayependa, anayekasirika na anayemkumbuka mwenzake.

Hukohuko GALA zimo picha za Kewpie, msusi wa nywele wa District Six mjini Cape Town, mtaa uliotangazwa kuwa wa Wazungu pekee mwaka 1966, na ambao wakazi wake zaidi ya 60,000 waliondolewa kwa nguvu. Ni picha za sherehe, za saluni, za marafiki wakipozi barabarani kwa magauni yao, na hakuna aliyezipiga ili kuandika historia. Mwaka 2018 zilionyeshwa katika jumba la makumbusho la District Six, na kwa hiyo watu wa mtaa uliobomolewa waliweza kumwona Kewpie na wenzake pale walipokuwa daima, yaani katikati ya majirani zao.

Katika mazingira yetu, tafuteni picha za harusi na sherehe za kuzaliwa, kadi za mwaliko, ratiba za mazishi, tisheti za mikutano, vipeperushi vya kliniki, madaftari ya vikundi vya kuweka na kukopa, risiti za ukumbi, na barua. Khanga zisisahauliwe. Jina la khanga lilichaguliwa kwa makusudi, na mwanamke aliyempa mwenzake khanga ile mwaka ule anaweza kueleza alikuwa anamwambia nini na nani mwingine alikusudiwa kuusoma ujumbe huo. Bila maelezo yake, khanga hiyo ni kitambaa. Pokeeni pia maandishi ya kazi za kila siku. Laini ya simu ya msaada ya Switchboard ya London, iliyoanza mwaka 1974, ilikuwa na madaftari ambamo wahudumu waliandikiana kumbukumbu za zamu, na leo madaftari hayo yako katika taasisi ya Bishopsgate yakiwa shahidi wa miaka ambayo UKIMWI haukuwa na jina.

Maandishi ya uadui nayo ni ushahidi, lakini yanahitaji mkono mwangalifu. Kifungu cha 377 cha Kanuni ya Adhabu ya India ya mwaka 1860, kilichotumika kuadhibu mapenzi ya jinsia moja, kilitumika katika himaya ya Waingereza huku kwetu kabla ya Kenya kupata kanuni yake yenyewe mwaka 1930, kwa hiyo mafaili ya kesi za kikoloni yaliyoko katika nyaraka za taifa yanaweza kuwa na sauti za watu wetu, ingawa zimepita katika kalamu ya karani na hakimu. Magazeti ni shida zaidi. Oktoba 2010 gazeti moja la Uganda lilichapisha picha na majina ya watu likiwaita mashoga na kutaka wanyongwe. David Kato, mwanaharakati ambaye alikuwa mmoja wa waliolishtaki na kushinda kesi, aliuawa nyumbani kwake tarehe 26 Januari 2011. Gazeti kama hilo lihifadhiwe, kwa kuwa bila hilo watakuja watu wa kukana, ila lifungwe, na nakala inayoonyeshwa izibwe nyuso na majina ya wote ambao hawakuchagua kujulikana.

Hatua ya nne: kumwendea mwenye kitu

Mwenye kumbukumbu za kale mara nyingi ni mtu mzima aliyeishi kwa kujisitiri, na sitara yake ndiyo iliyomfikisha hapo. Msimwendee na fomu siku ya kwanza. Tafuteni mtu anayemheshimu awapeleke, amkieni ipasavyo, kaeni, kunyweni chai mliyokaribishwa, na mzungumze habari nyingine. Kama ni mama wa rika la shangazi yenu, mwiteni shangazi, na kama mtaani anajulikana kwa jina fulani, liulizeni yeye mwenyewe kabla ya kulitumia. Neno analotumia kujieleza ndilo lenu pia mkiwa mbele yake. Wapo wanaojiita kuchu, jina ambalo watu wa LGBT wa Afrika Mashariki wamejichagulia, wapo wanaokubali shoga, na wapo wasiojiita chochote wala hawatafuti jina, na hao hawana deni la jina kwa yeyote. Mara ya pili elezeni kazi yenu. Mara ya tatu, huenda akatoa kitu. Asipotoa, endeleeni kumtembelea kama mlivyokuwa mkifanya.

Zungumzeni naye habari ya wosia, kwa adabu na bila kukwepa, kwa sababu hapo ndipo mlango wa pili unapozibwa. Akifa bila kuandika, warithi watamiliki picha na barua zake, na wengi watazichoma kwa aibu au kwa kutaka kumstiri. Wosia wa maandishi uwe na mashahidi wawili. Sheria ya urithi ya Kenya inaukubali pia wosia wa mdomo mbele ya mashahidi wawili ikiwa mtu atafariki ndani ya miezi mitatu tangu autoe, ingawa nisingemshauri mtu autegemee. Kwa Mwislamu, wasia hauzidi theluthi ya mali na haupelekwi kwa mrithi, na sanduku la picha na barua kwa kawaida huingia ndani ya theluthi hiyo bila tabu. Lililo jepesi zaidi kuliko yote ni kuvikabidhi vitu akiwa hai, kwa hati ya amana.

Hatua ya tano: hati ya amana

Hati iwe ya kurasa zisizozidi mbili na isomwe kwa sauti mbele ya mtoaji. Itaje kitu kwa maelezo, iseme kama kimetolewa moja kwa moja, kimewekwa tu, au kimeazimwa ili kinakiliwe na kurudishwa. Iseme nani ana haki ya kunakili na kuchapisha, na ieleze kinachofanyika kikundi kikivunjika. Kisha mtoaji achague kiwango cha ufunguzi kwa kila kitu, si kwa sanduku zima: kiwe wazi kwa wote, kionekane kwa wanajamii pekee, kionekane kwa ruhusa yake kila mara, au kifungwe hadi tarehe aliyoitaja au hadi afariki. Iwepo pia sentensi inayompa haki ya kubadili mawazo wakati wowote.

Picha ina watu wengi ndani yake, na aliyeileta ni mmoja tu. Ridhaa yake haiwi ridhaa yao. Picha ya sherehe ya mwaka 1994 yenye watu 12 huenda ina wawili walioolewa na kuwa na wajukuu, mmoja aliyekuwa mchungaji na mmoja ambaye hakuwa kuchu kabisa, alikuja kula pilau tu. Msipowapata wote, picha ibaki imefungwa au izibwe nyuso. Jambo hili linahusu pia mazungumzo ya WhatsApp: programu yenyewe inaruhusu kuhamisha mazungumzo kuwa faili la maandishi, lakini namba na majina ya kila mshiriki hutoka pamoja nayo, na lazima yaondolewe kabla ya faili kuingia katika mkusanyo.

Hatua ya sita: kurekodi masimulizi

Penye vitu vichache, masimulizi ndiyo mkusanyo wenyewe. Tumieni kinasa sauti kinachohifadhi faili la WAV, kwa biti 24 na kilohezi 48. Simu ikitumika, iwe haina laini na intaneti imezimwa. Chagueni chumba chenye mapazia na mazulia, zimeni feni na jokofu, na jaribuni dakika moja kabla ya kuanza. Jina la msimulizi lisitajwe kwenye rekodi, na mwanzoni isemwe namba yake na tarehe.

Anzeni na mahali, si na siri. Swali kama "ulipokuwa na miaka 20, Ijumaa jioni mlikuwa mnakutana wapi?" linafungua milango mingi kuliko "ulijuaje kwamba wewe ni tofauti?" Ulizeni nani alikuwa akipika, nani alikuwa akiimba, mlinzi wa mlangoni alihongwa nini, nguo zilishonwa na fundi yupi. Akinyamaza, mwacheni anyamaze. Mambo mazito mengi huja baada ya kimya, na mwulizaji mwenye haraka huyakata. Saa moja na nusu inatosha kwa siku. Baada ya kurekodi, mrudieni ndani ya wiki mbili na nakala iliyoandikwa, asome au asomewe, aondoe anachotaka.

Kiswahili kinatupa zawadi ambayo huharibika kwenye tafsiri. "Yeye" wetu hana jinsia, na msimulizi anaweza kusema kwa saa nzima habari za mpenzi wake bila kufichua kama alikuwa mwanamume au mwanamke, na pengine ndivyo alivyokusudia. Niliwahi kutafsiri simulizi moja kwa Kiingereza na kumfanya mtu mmoja kuwa mwanamume kwa kudhani tu. Msimulizi aliposomewa aliumia, maana niliyemgeuza alikuwa ameishi maisha yake yote ya utu uzima kama mwanamke. Tangu hapo huuliza, na pasipo jibu huacha neno lisiloegemea upande wowote.

Hatua ya saba: orodha

Kitu kisichoandikwa katika orodha ni sawa na kisichokuwepo. Daftari la mapokezi litoshe kwa kuanzia: namba ya mwaka ikifuatwa na namba ya kitu, tarehe ya kupokelewa, namba ya mtoaji, maelezo ya sentensi moja au mbili, hali yake, kiwango cha ufunguzi, na mahali kilipowekwa. Baadaye mnaweza kuhamia kwenye programu huria kama AtoM au Omeka. Mukurtu nayo ilitengenezwa kwa ajili ya jamii za wenyeji zinazotaka kuamua nani aone nini, na kwa sababu hiyo inafaa sana kazi yetu.

Katika maneno, andikeni mara mbili. Nafasi moja iwe ya neno la msimulizi kama alivyolisema, likiwa ndani ya alama za kunukuu, na nyingine iwe ya neno la kawaida litakalomsaidia mtafutaji. Neno "shoga" linaonyesha sababu: pwani, mwanamke akimwita mwenzake shoga anamaanisha rafiki yake wa kike, na neno hilohilo likielekezwa kwa mwanamume hugeuka kuwa jambo jingine, mara tusi, mara utani, mara jina la fahari. Mwandishi wa orodha anayelisawazisha neno hilo atakuwa amefuta nusu ya ushahidi. Maneno ya matusi yaliyomo katika nyaraka yasifutwe, ila yasiwe maneno yenu ya kuelezea.

Hatua ya nane: kutunza vitu katika joto na unyevu

Miongozo mingi imeandikiwa nchi za baridi. Pwani yetu unyevu hewani hupita asilimia 65 kwa muda mrefu wa mwaka, na hapo ndipo ukungu huanza kuota. Chumba kiwe cha ndani, kisichopakana na bafu wala ukuta unaopigwa na mvua, chenye hewa inayopita. Masanduku yainuliwe angalau sentimita 15 kutoka sakafuni na yasiguse ukuta, kwa ajili ya maji na mchwa. Kagueni kila mwezi. Wekeni vipakiti vya silika na vikaushwe au vibadilishwe vikishiba.

Ondoeni pini za stepla, klipu na mipira ya kufungia, kwa kuwa kutu na mpira ulioyeyuka huharibu karatasi. Andikeni nyuma ya picha kwa penseli laini tu, kwenye ukingo. Albamu zenye kurasa za kunata ni adui mkubwa wa picha za miaka ya 1980 na 1990: zipigeni picha kurasa zikiwa nzima kwanza, kisha toeni picha inayotoka bila kulazimishwa, na isiyotoka iacheni. Mifuko ya plastiki iwe ya polipropilini au poliesta, kamwe isiwe ya PVC. Khanga, magauni na tisheti zifungwe katika kitambaa cha marekani kilichofuliwa mara kadhaa bila sabuni yenye manukato, zikunjwe kwa kuzungushiwa juu ya roli badala ya kukatwa mikunjo. Najua desturi ya kuweka karafuu na udi sandukuni, na harufu yake naipenda, lakini mafuta yake huacha madoa yasiyotoka. Kanda za kaseti zivunjwe vijimeno vya nyuma zisirekodiwe juu yake, zisimamishwe wima, na zisichezwe ovyo, kwani pengine zimebakiwa na mzunguko mmoja mzuri tu, na huo ni wa kunakilia.

Hatua ya tisa: nakala za kidijitali

Nyaraka zichanganuliwe kwa nukta 300 kwa inchi, picha kwa 600, na nakala kuu iwe TIFF. Kutoka hapo tengenezeni JPEG au PDF ya kuangalia. Msiirekebishe nakala kuu rangi wala msiikate kingo. Picha za simu hubeba ndani yake mahali na saa zilipopigwa, kwa hiyo taarifa hizo zifutwe katika kila nakala itakayotoka nje. Wekeni nakala tatu, katika aina mbili za vifaa, moja ikiwa mbali. Kwa wengi wetu nakala ya mbali inafaa iwe katika nchi nyingine. Mara mbili kwa mwaka fungueni faili na kuhakiki kwamba hazijaharibika, maana diski hufa bila kuaga.

Hatua ya kumi: nani aone, na baada yetu nani atunze

Kikundi cha kujitolea huchoka, wenyewe huhama au hufariki. Tafuteni mapema taasisi ya kushirikiana nayo. GALA imekuwa ikifanya kazi na Chuo Kikuu cha Witwatersrand tangu mwanzo wake. Mjini London, mkusanyo wa rukus!, ulioanzishwa mwaka 2005 na Ajamu X na Topher Campbell ili kutunza historia ya watu weusi wa LGBT wa Uingereza, uliwekwa katika London Metropolitan Archives, ambayo sasa inaitwa The London Archives, yaani chini ya taasisi ya umma yenye wataalamu na vyumba vinavyofaa. Kabla ya kusaini, ulizeni nani atabaki mmiliki, je masharti ya kila mtoaji yatafuatwa, je wanajamii wataingia bila barua ya chuo, na je mnaweza kuviondoa vitu serikali au uongozi ukibadilika. Taasisi isiyokubali swali la mwisho liwe ndani ya mkataba, iacheni, hata kama ina jina kubwa.

Atakapokuja mtoaji siku moja na kusema anataka picha yake irudi, asiulizwe sababu. Chukueni daftari la mapokezi, hakikini namba yake, toeni kitu chenyewe, futeni nakala zote mbele yake ikiwezekana, pamoja na ile iliyoko ng'ambo, na mwandikieni barua ya kuthibitisha. Mstari wake katika orodha ubaki bila maelezo, ukiwa na tarehe na maneno manne tu: "kimerudishwa kwa mwenyewe salama".